Mwaka Tuliokuwa na Serikali Mbili

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine kwenye karakana ya mgodi, mtu wa sauti ndogo. Hakuwahi kutafuta ukubwa. Lakini mambo ya chama kimoja yalipolegea, watu wa mtaa wetu pale Kolwezi walisema sasa tutajichagulia wenyewe mkuu wa kamati, wala hatutaletewa mtu na chama. Tulikusanyika kwenye uwanja wa parokia. Wagombea wawili walisimama mbele, baba akiwa mmoja wao kwa kusukumwa na majirani, kila mtu akajipanga nyuma ya yule aliyemtaka. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado nikiishi kwa wazazi, na nilijipanga nyuma ya baba yangu. Nyuma yangu alisimama jirani yetu wa nyumba ya pili. Mstari wetu ulifika mpaka barabarani, baba akashinda. Jioni ile mama alipika bukari, ugali wetu, na kuku, watu wakacheka nyumbani kwetu kana kwamba kuna arusi.

Muda si mrefu, kule Kinshasa wakawepo mawaziri wakuu wawili. Mmoja aliwekwa na rais, mwingine alisema amewekwa na wananchi. Kila mmoja alikuwa na mawaziri wake. Redio ilisoma amri asubuhi, na jioni tukasikia amri ile si amri. Mwanzoni tuliona ni kichekesho cha watu wa mbali.

Kisha pampu ya mji ikaharibika, maji yakakatika. Msimu wa mvua tulikinga maji ya paa kwa sufuria na bidoni za plastiki, tukavumilia. Mvua zilipokwisha, wanawake wa mtaa tukaanza kwenda mtoni, upande wa Mutoshi, ambako maji yalikuwa yamegeuka rangi kwa uchafu wa madini. Watoto wakaanza kuharisha. Darasani kwangu viti vilibaki wazi.

Baba alivaa koti lake la kanisani akaenda ofisi ya zoni, yaani wilaya yetu. Mkubwa wa pale akamwambia yeye ni mtu wa serikali hii, na pesa za pampu zinashikwa na serikali ile. Akaenda kwenye ofisi ya maji. Huko wakamwambia kipuri cha pampu hakiagizwi bila sahihi ya waziri, mawaziri wako wawili, na kila mmoja amekataza wasimtii mwenzake.

"Kila mutu ananionyesha mulango ya mwenzake," alituambia aliporudi. Alicheka kidogo, kisha akakaa bila kula.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya maji. Kazi yake ilikuwa kuzungusha vali za mabomba ya mtaa wetu, kufungua asubuhi na kufunga jioni. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai zamani, kuja kufanya kazi mgodini. Mkewe na mama yangu walikuwa wakikopeshana chumvi, makaa, hata watoto. Mtoto wao wa mwisho alishinda kwetu, akimwita mama yangu koko, yaani bibi.

Kwenye mkutano wa mtaa uliofuata, mama mmoja aliyekuwa amemzika mjukuu wake wiki ile alisimama, akamgeukia baba.

"Tata, tulikuchagula weye. Maji iko wapi?"

Baba akaeleza habari ya ofisi mbili na sahihi mbili. Watu walisikiliza wakiwa wamekunja uso. Alipomaliza, sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Na ule anafungaka vali je? Ule wa Kasai? Banasema bao njo banatufungia."

Hakuna aliyeuliza ni nani wanaosema kwamba watu wa Kasai ndio wanaotufungia maji. Siku zile maneno kama hayo yalikuwa yamejaa mjini, na wakubwa wa mkoa waliyasema hadharani bila haya. Jioni yake mawe yakaanguka juu ya paa la jirani.

Asubuhi alikuja kwetu amevaa sare yake ya kazi. Hakutaka kuketi.

"Tata, weye njo mukubwa ya mutaa. Baambie. Mi nafungua vali kila siku. Haina kitu ndani."

Baba akaitisha mkutano mwingine. Mimi nilikuwa karibu naye na niliona akiikunja karatasi yake, akasema bila kusoma. Alisema mtu huyu hana nguvu yoyote. Kosa liko juu.

"Juu kwa nani?" yule mwanamume akauliza. "Beko babili. Tuambie moja."

Nilijua baba anatafuta jibu la kweli, kwa maana ndivyo alivyokuwa. Hakujua pesa zilikwama wapi, wala yupi kati ya wale wawili alikuwa akidanganya.

"Bale beko Kinshasa," mwanamume akasema, safari hii akiwageukia watu. "Huyu iko hapa."

Watu wakapiga makofi. Wengi wao walikuwa wa mstari wetu.

Siku iliyofuata jirani, mkewe na watoto walitoka na magodoro kichwani. Vijana wa mtaa waliwasindikiza kwa kelele: "Muende kwenu!" Nilimsikia mke akiwajibu, bila kupaza sauti, "Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa hapa." Baba alitembea kando yao mpaka kwenye stesheni ya treni. Mtu alimpiga na gunzi la mahindi mgongoni.

Stesheni ilikuwa imejaa familia kama yao, zimelala chini wiki baada ya wiki zikingoja treni ya kwenda Kasai. Mama alipeleka bukari na mboga ya sombe. Mtoto wa mwisho alikuwa akikohoa. Mama akataka kumrudisha nyumbani, lakini mama wa mtoto akakataa: "Na wakikuja kwako pia?" Tulipofika siku nyingine, tulikuta treni imeondoka.

Maji hayakurudi. Familia nyingine ilihamia nyumba ile kabla moshi wa jiko la mwisho haujatoka ukutani. Mtaa ukamwondoa baba, ukamweka yule aliyeuliza "tuambie moja". Naye akaenda ofisi zile zile, akarudi na majibu yale yale, na haukupita muda mrefu watu wakaanza kusema nyumbani kwake kuna bidoni nyingi mno za maji.

Baba hakugombana na mtu. Alirudi kwenye mashine zake, na karakana ilipopunguza kazi akakaa nyumbani, redio imezimwa.

Mfanyakazi mmoja wa reli alitupitia msimu wa baridi. Alituambia kwamba mtoto yule wa mwisho wa jirani hakufika Kasai. Alizikwa kando ya reli, kabla ya Kamina, treni ilipokwama. Mama akamuuliza ni mahali gani. Hakujua, wengi walizikwa hivyo.

Mama alimgeukia baba.

"Nani alimuua huyu mutoto?"

"Sijui, mama," baba akasema. "Kweli sijui."

Mama akachukua bidoni akaenda mtoni.