Kaburi Kando ya Nasirumbi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo la rangi nyekundu, brashi iliyokakamaa, na ukuta wa mtu. Ukuta wenyewe ulikuwa mpya, umefika usawa wa dirisha, umejengwa karibu kabisa na maji ya kijito fulani upande wa Osukuru, huku Tororo, mashariki mwa Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuuchora X kubwa ili mwenyewe ajue kwamba ofisi imekataa ujenzi. Mke wake alisimama pembeni ananitukana kwa Kidhopadhola, lugha ninayoielewa vizuri kuliko alivyodhani. X ikatoka kama kuku amekanyaga.

Ofisa wa Mazingira, bosi wangu wa kwanza, alikuwa nyuma yangu. Alikuwa mzee mrefu wa buti za mpira mpaka magotini, na kubembeleza hakukujua.

"Rudia," akasema.

"Mzee, huyu mama ananilaani."

"Nasikia. Wewe kama unataka kupendwa, enda uuze mandazi. Rudia, mistari inyooke."

Nikarudia.

Naandika haya kwa vijana wanaomaliza sekondari na kuniuliza kama kulinda vijito ni kazi nzuri. Najua kumbukumbu za namna hii huandikwa na wazee wenye mvi na kiinua mgongo. Mimi sina mvi wala kiinua mgongo. Nina mtoto anayenyonya, na nimeshastaafishwa. Someni hivyo hivyo.

Wengi hudhani kijito ni yale maji tu unayoyaona yakipita. Sheria inaona zaidi ya hapo. Kijito kina ukanda wake, yaani ardhi ya kila upande ambayo hairuhusiwi kulimwa wala kujengwa. Mwisho wa ukanda tunasimika bikon, nguzo fupi za zege zenye rangi, ili asiwepo wa kusema hakujua. Ndani ya ukanda yanakaa mafunjo, nyasi ndefu, vyura na ndege. Mafunjo hayako pale kwa urembo. Yanashika tope na uchafu wa mji kabla maji hayajafika kwenye chemchemi ambako watu wanateka. Ukiyang'oa, kinachobaki ni mfereji wa maji machafu, na watoto wataanza kuharisha kabla hujamaliza kupaka rangi jengo lako.

Na hakuna anayejaza kinamasi kwa siku moja. Kwanza mtu anapanda nduma, yaani magimbi. Ukimuuliza, anakuuliza na yeye watoto wake wale nini. Msimu ukipita, kando ya nduma pana takataka kidogo, na hakuna anayejua zimetoka wapi. Halafu inakuja tipa moja ya kifusi, eti ya kuziba shimo tu. Ukizubaa hapo, utakaporudi utakuta fundi anavuta kamba ya msingi. Bosi wangu alinifundisha kufika wakati wa nduma. Wakati wa nduma mnaongea. Wakati wa ukuta mnapigana.

Kutoka Osukuru nilipelekwa Sikuda, na huko nilivaa buti kama za mzee yule kwenye mashamba ya watu wapole kidogo. Kisha nikahamishiwa nyumbani, kwenye mji wetu mdogo ulio kando ya barabara ya Tororo kwenda Busia. Nilifurahi. Nilikuwa nimeolewa hapo, nimejifungua hapo, na nilikuwa nikiteka maji kwenye chemchemi ya kijito chetu, Nasirumbi. Sikujua kwamba kulinda kijito cha watu wengine ni rahisi kuliko kulinda chako.

Bosi wangu wa pili naye alikuwa Ofisa wa Mazingira, lakini wa aina nyingine. Huyu suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi, na tukifika kwenye tope alibaki ndani ya gari akatutuma sisi. Neno lake lilikuwa "taratibu". Kila kitu tufuate taratibu.

Mpakani na Kenya malori hupanga foleni ndefu, na mwenye ardhi ya kuyaegesha anapata pesa akiwa amelala. Ndiyo sababu mfanyabiashara mmoja, tuliyemwita Bosi Tipa kwa ajili ya magari yake, aliamua kufanya yadi ya malori juu ya chemchemi yetu. Alikuwa amenunua shamba la juu kihalali, sibishi. Lakini shamba halikumtosha. Alitaka na ukanda, mafunjo yote mpaka kwenye maji, ajaze kifusi, asawazishe. Hilo likifanyika, chemchemi inazibwa. Wanawake wa mtaa wetu wote wanateka pale. Hatuna pengine.

Tipa ya kwanza niliisimamisha mwenyewe, mtoto mgongoni. Nilisimama kati ya matairi na mafunjo.

"Mama, toka, nitakupiga na gari," dereva akasema.

"Nipige. Lakini uanze na huyu wa mgongoni, yeye ndiye atakayekunywa hiyo takataka yako."

Akatema mate, akarudisha gari. Siku hiyo hiyo nikamfanya bosi atoe notisi ya kusimamisha kazi. Alisaini huku anapumua kwa pua. Tukasimika bikon, nikazipaka rangi kwa mkono wangu, na kwa muda kukawa kimya. Kimya hicho hakikunipendeza. Mtu mwenye magari yale hanyamazi bure.

Asubuhi moja nikaenda kuteka maji nikalikuta. Kaburi. Limekaa ndani ya ukanda, katikati ya bikon na maji. Matofali, saruji bado nyevunyevu, vigae vyeupe juu, msalaba wa zege. Halikuwa na jina.

Wasio wa huku wanielewe. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake. Penye kaburi ni kwa mtu, na hati yoyote ya ardhi hunywea mbele ya kaburi. Nimeona barabara ikipindishwa kulikwepa. Askari atavunja kibanda chako akiimba, lakini mwambie avunje kaburi uone anavyokumbuka kwamba mke wake ni mgonjwa. Bosi Tipa alijua anachofanya. Kaburi moja tu, na ardhi yote kulizunguka inageuka boma la ukoo wake. Kesho yake tipa zilirudi, zikashusha kifusi pembeni ya kaburi, "kusafisha pa marehemu".

Nikamleta bosi wangu. Safari hii alishuka garini. Alipoona msalaba akavua kofia.

"Bosi, hili lilijengwa juzi," nikamwambia. "Hakuna mtu humu."

"Umejuaje?"

"Mimi nakaa pale, unaona bati langu. Umewahi kuona msiba bila turubai? Bila sufuria? Bila hata mlevi mmoja wa kuimba?"

"Hapa kuna kaburi," akasema. "Mimi sigusi. Kufukua kuna taratibu zake."

"Nani amesema kufukua? Muulize jina tu la marehemu."

Akavaa kofia. "Usinitafutie laana, mama. Nami nina watoto."

Nilimwendea Bosi Tipa mwenyewe. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anasimamia kazi.

"Mzee, pole na msiba."

"Asante, mwanangu."

"Nani ametutoka?"

"Mtu wetu."

"Anaitwa nani?"

"Marehemu."

Vijana wake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, maziwa yamelowesha blauzi, nikamkuta mama mkwe wangu, Mama Nafula, anachambua mboga. Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Kama ni kaburi, kuna mutu," akasema. "Kama kuna mutu, kuna kilio. Sasa kilio yetu iko wapi? Sisi ni majirani. Tunaenda kumulilia."

Akafunga kitenge kiunoni. Akapita nyumba kwa nyumba. Kabla jua halijakolea, wanawake wa chemchemi walikuwa wanashuka kwa njia ya maji, mikono kichwani, wanapiga mayowe kama inavyotakiwa. Zilikuwa saa zangu za kazi, nimevaa fulana ya ofisi, mtoto mgongoni, na nikaenda nao. Niandike hivyo wazi, maana ndicho nilichofukuziwa.

Tukalizunguka kaburi, tukakaa chini.

"Ndugu yetu wee!" Mama Nafula akaanza. "Umekwenda bila kuaga! Nani alikufunga kidevu wee! Nani alikuosha!"

"Hata chai hatukunywa wee!" mwingine akaitikia.

Tipa mbili zilikuwa zimesimama injini zikinguruma, vitanda vya mizigo vimeanza kuinuka. Madereva walitazama wale wanawake na kutazama kifusi. Hakuna aliyeshusha. Bosi Tipa akaja mbio.

"Nyinyi wamama, mnataka nini?"

"Tumekuja kulia."

"Msiba umeisha!"

"Umeisha lini, nasi tunakaa hapo ng'ambo? Tungesikia hata kuku akichinjwa."

"Ilikuwa ya familia tu."

"Sawa, baba," Mama Nafula akasema kwa upole. "Tupe jina tulie vizuri, halafu tuende zetu."

Angeweza kutunga jina, lakini jina lina ukoo, na wale wanawake walijua koo zote kuanzia hapa mpaka ziwani. Akaanza kututisha. Akasema atatuitia askari, atatuzika na sisi kwa kifusi. Akamwashiria dereva wa kwanza amwage. Kitanda cha tipa kikapanda tena, mawe yakaanza kuteleza, na mimi nikamvuta mtoto kifuani. Hakuna mwanamke aliyeinuka. Mama Nafula alifumba macho tu, akaendelea kulia.

Wakati huo ikatokea pikipiki barabarani, imembeba bibi mmoja anayepiga mayowe kutoka mbali. Mayowe yake hayakufanana na yetu. Yetu yalikuwa na mpango. Ya yule bibi yalikuwa yanamrarua. Alikuwa mama mzazi wa Bosi Tipa. Sokoni walikuwa wamempa pole ya msiba wa nyumbani kwa mwanawe, msiba ambao hakuambiwa.

Dereva akazima injini bila kuambiwa.

Bibi akateremka, akaanguka juu ya vile vigae. "Umemzika nani bila kuniambia? Ni Wandera? Wandera wangu wa Jinja?"

"Si Wandera, mama. Inuka."

"Ni Taaka? Taaka alikuwa na homa. Taaka wee, mtoto wangu..."

"Mama, nyamaza!"

Kwetu, jina la mtu aliye hai halitajwi juu ya kaburi, hata kwa mzaha. Na huyu bibi alikuwa anawaita wajukuu zake, watoto wa Bosi Tipa mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, anawalilia, anagonga saruji kwa kiganja. Nilimtazama Bosi Tipa usoni nikaona jasho.

"Basi ni Barasa! Barasa wee, Barasa, kitinda mimba..."

"Hakuna mtu!" akapiga kelele. "Mama, hakuna mtu ndani! Ni matofali tu!"

Bibi akageuza shingo taratibu. "Matofali?"

"Ni ya kuzuia watu wa ofisi, mama. Ni mambo ya kiwanja."

Akainuka akishika magoti. Akalitazama lile kaburi kutoka mwanzo hadi mwisho, akamtazama na mwanawe.

"Umemjengea nani? Lina urefu wako."

Bibi akaunyooshea msalaba kidole.

"Vunja."

"Nitaita vijana..."

"Wewe. Kwa mkono wako, mimi nikiona."

Akavua koti. Wakamletea nyundo ya kuvunjia mawe, akavunja, mtu mzima na tumbo lake, mpaka chini. Ndani palikuwa na udongo na mizizi ya mafunjo. Nilitaka kushangilia nikashindwa, kwa sababu bibi wa watu alikuwa bado anatetemeka. Hilo linanichoma mpaka leo. Mtu aliona bora amuue mjukuu wa mama yake kwa maneno kuliko kuacha mita thelathini za nyasi zikae.

Kifusi wakakizoa. Wiki iliyofuata bosi aliniita.

"Umevaa fulana ya ofisi ukaongoza fujo kwenye msiba."

"Msiba wa nani, bosi?"

Akafungua faili langu. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Hautaongezwa. Utapata muda wa kulea."

Ndiyo kustaafu kwangu. Hakukuwa na soda wala keki.

Mnaniuliza kama ni kazi nzuri. Buti zinavuja, mashemeji hawakusalimii, na bosi atakuacha peke yako siku ile ile unayomhitaji. Bosi wangu wa kwanza, yule wa mandazi, alistaafu kweli, na nimesikia analima Kirewa. Natamani angekuwepo siku ile, ingawa sidhani angelia vizuri. Kama nafasi yangu itatangazwa, iombeni. Sitawadanganya kwamba sheria itawalinda. Ila jueni mapema ni akina nani wanateka maji kwenye kijito chenu, mjue majina yao na wanapokaa, kwa maana hao ndio watakaoketi chini nanyi.

Chemchemi ipo. Leo asubuhi nimeteka. Lakini juzi ilikuja tipa nyingine, si ya Bosi Tipa, na dereva hasemi imetumwa na nani. Alirudi nyuma mpaka kwenye bikon. Nikasimama.

"Wewe ni wa ofisi gani?" akaniuliza.

"Sina ofisi. Nateka maji hapa."

Alizima gari, akalala ndani. Mpaka ninapoandika haya bado ameegesha pale, na mzigo wake uko juu, haujashuka. Mama Nafula amekaa mbele yake na bakuli la njugu. Mtoto akishanyonya, nakwenda kumpokea zamu.