Mapazia ya Nyumba ya Wageni Kisiwani

Mke wa kaka yangu mtaa mzima unamwita Mama Futi, maana futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni hata akienda sokoni. Alipoolewa kwetu hakuwa na kazi. Mimi ndiye niliyemweka kwenye duka langu la vitambaa nikamfundisha biashara. Miaka mitatu baadaye akajitoa, akafungua chumba chake cha kushonea ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wangu. Tangu hapo kila asubuhi nahesabu wanaoingia kwake. Sijifichi: wivu ninao, tena wa kutosha.

Niliposikia mwenye nyumba ya wageni kisiwani anataka mapazia ya vyumba kumi na viwili, nilijua Mama Futi naye kasikia. Kweli, nilimkuta ndani ya kivuko, ameshakaa benchi la mwisho kabisa, anacheka na abiria kama wote kazaliwa nao.

"Wifi! Njoo huku, nafasi ipo!"

"Kaa tu, mpenzi. Mimi na mizigo yangu tunatosha hapa mlangoni."

Kivuko kile kina mlango mmoja. Anayewahi kuingia huchelewa kushuka, ndiyo maana nilimzuia gatini mwenye mkokoteni aliyebeba vitambaa vyangu mpaka honi ya mwisho. Tulipofika ng'ambo, mlango uligusa nchi kavu, nikatoka na majora yangu manne. Nyuma yangu pikipiki, mbuzi na magunia vikamziba wifi yangu. Raha niliyoisikia pale sikuipata hata harusini kwangu.

Mwenye nyumba alikipapasa kitambaa cha bluu, akakivuta, akakiangalia juani.

"Hiki hasa. Madirisha yangu umeyapima lini?"

"Dirisha ni dirisha, mama. Nakushonea saizi ya kawaida."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyumba hii nimeijenga chumba kimoja kimoja, kila mwaka na fundi wake. Hakuna madirisha mawili yanayolingana!"

Hapo Mama Futi akaingia, anahema, daftari mkononi. Kumbe alikuja wiki iliyopita akapima chumba kwa chumba, na mimi hakuninong'oneza hata neno. Ila vitambaa alivyobeba vilikuwa vyepesi. Ukivitundika, aliye nje anamwona aliye ndani.

"Basi huyu atashona," mwenye nyumba akaamua, "kwa kitambaa cha huyu. Mkishindwana, natafuta wengine."

Moyo ulinituma nibebe majora yangu niondoke. Nikayatazama yalivyo mazito.

"Nitamuuzia," nikasema, "ila aje ashonee dukani kwangu."

"Kwa cherehani yako ile inayoruka nyuzi? Hapana, wifi. Niuzie kitambaa tu."

Nikamtajia bei ya kumkomoa, bei ambayo hata mgeni aliyeshuka leo mjini angeikimbia. Nilingoja abishane. Akafunua daftari, akasoma kidogo, akasema, "Sawa," na kufungua pochi.

Nilipokea. Sijawahi kuuza majora manne kwa faida kama ile. Lakini njia nzima ya kurudi sikuona bahari wala watu. Nilikuwa nawaza jambo moja: huyu mwanamke amemtajia mwenye nyumba bei gani, hata ile yangu ikawa ya kuambiwa sawa?