Kiti cha Kichwani

Shangazi yangu hakuwa daktari wala muuguzi, lakini katika taasisi ya macho ya chuo kikuu hakuna aliyefahamika kumshinda. Kazi yake ilikuwa kushika mikono. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi nilicheka mpaka nilipoelezwa. Mgonjwa wa mtoto wa jicho hapewi dawa ya usingizi. Hupigwa ganzi, hufunikwa uso kwa shuka lenye tundu moja, halafu huambiwa asikohoe, asigeuze kichwa, asitikisike. Mtu mzima na akili zake timamu, amelala gizani huku chuma kinaingia jichoni! Basi shangazi huketi kwenye kigoda ubavuni mwake, hupenyeza mkono chini ya shuka na kuushika wake. Ukitaka kukohoa, minya. Ukiogopa, minya. Wagonjwa walimwita Mama Mkono, na jina likamganda.

Mkuu wa taasisi alikuwa profesa mmoja mrefu, mwenye sauti nzito ya upole. Ndiye aliyetibu, ndiye aliyefundisha madaktari wanaosomea ubingwa, na ndiye aliyefanya utafiti juu ya huo mkono wa shangazi. Ikaonekana kwamba wagonjwa walioshikwa walitulia kuliko wasioshikwa, na walioshikwa na yeye walitulia kuliko wote. Profesa akaupeleka utafiti wake kwenye mikutano ya nchi za watu. Picha ya mkono wa shangazi, na kovu lake la pasi, ikasafiri kwa ndege wakati mwenyewe hajawahi hata kupanda ngazi ya ndege. Shangazi akavimba kichwa kidogo. Na kwa nini asivimbe?

Kuna jambo moja lazima ulijue kuhusu chumba kile. Anayekaa kichwani mwa mgonjwa, nyuma ya hadubini, ndiye anayepasua. Anayekaa pembeni, upande wa sikio la kushoto, ni wa kutazama na kujifunza. Siku zote ni hivyo. Taa za chumba huzimwa, inabaki ile ya hadubini tu, na wote wamevaa kijani na kujiziba nyuso. Profesa huzungumza na mgonjwa tangu mwanzo hadi mwisho: "Vizuri sana, mzee wangu. Tazama taa." Na karibu kila mgonjwa humnong'oneza shangazi swali lilelile: ni profesa mwenyewe?

"Ni yeye mwenyewe," shangazi hujibu. "Si unamsikia?"

Hata baba yangu, kaka yake, alipopasuliwa mwaka jana, alijibiwa hivyo. Baba alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mwoga wa hospitali kupita kiasi. Shangazi ndiye aliyembembeleza, akamwahidi kwamba hatamwachia mtu mwingine. Mambo yakaenda mrama. Utando wa ndani ukachanika, na tangu siku hiyo jicho lile la baba linaona ukungu mtupu; la pili nalo limezibwa na mtoto wa jicho, na hataki liguswe. Cherehani ikauzwa, sasa anauza vifungo na nyuzi. Hakumlaumu mtu. Alisema kama profesa mwenyewe ameshindwa, basi lilikuwa la kushindikana.

Shangazi naye alikuwa na jicho moja tu. La pili lilipofuka kwa surua akiwa mtoto. Hilo moja lilipoanza kuingia ukungu alificha, akajikaza kisabuni, akaendelea kushika mikono ya watu huku waliosimama mbele yake akiwaona kama nguo zilizoanikwa. Mwishowe alijikwaa kwenye ndoo ya msafishaji mbele ya watu, siri ikawa nje. Profesa alitangaza kwenye kikao cha asubuhi, watumishi na wanafunzi wote wakisikia:

"Jicho la Mama Mkono ni langu. Haligusi mtu mwingine."

Shangazi alilia siku ile, kilio cha furaha. Alirudi nyumbani akamwambia baba kwamba akipofuka, hatamlaumu Mungu, maana atakuwa amepofukia mikononi mwa mwanadamu bora.

Siku yake ilipofika, mkono wake ulishikwa na muuguzi wa chumba kile, rafiki yake wa chanda na pete. Walikuwa wakila chakula cha mchana sahani moja, na watoto wa muuguzi walimwita shangazi mama mkubwa. Shuka likashushwa. Ganzi ikakolea. Mtu akakaa kichwani, akaegemeza viganja kwenye paji la uso wake.

"Mama Mkono, leo wewe ndiye mgeni wetu," profesa akasema.

Sauti ilitokea sikio la kushoto.

Shangazi alidhani amesikia vibaya. Akangoja. "Vizuri sana, dada yangu. Tazama taa." Kushoto tena, karibu kabisa, na viganja bado viko juu ya paji lake, vidogo, vyepesi, havikuwa vya mwanamume mrefu yule. Akauminya mkono wa rafiki yake kwa nguvu zake zote.

"Ni yeye?" akanong'ona.

"Ni yeye mwenyewe," muuguzi akamjibu. "Si unamsikia?"

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungeinuka na kisu kiko jichoni, jicho lenyewe ndilo hilo moja ulilopewa? Shangazi alilala kama gogo. Alimsikia profesa akisema, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kumwambia yeye, "Usivute. Zungusha. Taratibu." Machozi hayakuweza kutoka, nadhani kwa sababu ya ganzi.

Asubuhi yake profesa akaja mwenyewe kumfungua bandeji, wanafunzi wamemzunguka. Na shangazi akaona. Aliona vishikizo vya makoti meupe, aliona ufa wa dari, aliona chunusi ya mwanafunzi aliyesimama nyuma. Kisha akauona mkono wa profesa uliokuwa umeshika plasta. Ulikuwa unatetemeka kama kikombe juu ya kisahani. Profesa aliutia mfukoni haraka, na wote mle chumbani wakatazama pembeni kwa pamoja. Walivyotazama pembeni ndivyo alivyojua kwamba wote walikuwa wanajua.

Alimkuta muuguzi kwenye chumba cha kuoshea vifaa.

"Tangu lini?"

Muuguzi hakujifanya haelewi. "Tangu mwaka juzi, dada. Mkono wake ulianza kidogo kidogo."

"Kwa hiyo kichwani anakaa nani?"

"Wanafunzi, kwa zamu. Yeye anawaelekeza. Wengine wana mikono mizuri mno. Aliyekupasua wewe ni yule binti mpole, hodari kuliko wote. Nilikuchagulia mimi mwenyewe. Si unaona sasa?"

"Naona. Mbona hamkuniambia?"

"Profesa alikataza." Muuguzi alikuwa anafuta sinia iliyokwisha kukauka. "Alisema ukijua, mkono wako utabadilika, na wagonjwa watausikia. Wewe ulikuwa unawaambia ni yeye na unaamini. Sisi tukisema, hawatulii hivyo. Na jicho lako tulijua zamani kwamba haliwezi kuona kichwani amekaa nani."

Basi ganzi yao ya pili ilikuwa ni yeye. Jicho lake bovu halikuwa siri hata siku moja. Walilijua mapema, wakaliona linawafaa, wakaliacha liive. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa kuvumilia. Watu wananiambia jicho limepona, mnalalamikia nini? Binti yule alifanya kazi safi, sikatai. Lakini wangemwambia tu! Angelia, angemlaani mtu mmoja wawili, kisha angelala mwenyewe kitandani akijua anampa nani jicho lake.

Alipofika nyumbani, baba alikuwa barazani akichambua vifungo kwa kuvipapasa.

"Unaniona?" baba akauliza, uso umemchanua.

"Nakuona, kaka. Umezeeka." Wakacheka. Kisha akaketi karibu naye, akamweleza yote, bila kujitetea, mpaka mwisho.

Baba akaacha kuchambua. "Siku yangu mimi, kichwani alikaa nani?"

"Sijui, kaka."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia ni yeye."

"Niliamini ni yeye. Wallahi, niliamini."

"Wewe unafanya kazi mle ndani, dada," baba akasema, si kwa ukali. "Kila siku ya Mungu uko mle ndani."

Nilitaka kumtetea shangazi, nikaishia kuingia ndani kuwapikia chai.

Wiki iliyofuata baba alikuwa na siku yake ya kliniki. Shangazi ndiye aliyekuwa akimpeleka siku zote, na alikwisha kuvaa viatu, amesimama mlangoni anangoja. Baba akatoka chumbani, akapapasa ukuta mpaka akanifikia mimi, akanishika bega.

"Twende wewe," akaniambia.

Tukampita shangazi pale mlangoni. Alikuwa anaona vizuri, kila mkunjo wa uso wa kaka yake.