Salamu kwa fundi asiyejulikana

Juzi hapa Kasongo, pikipiki ya kwenda Wamaza ikiwa tayari kuondoka, mama mshonaji alimshika dereva mkono.

"Papa, ukifika, unisalimie fundi wa cherehani wa kule."

"Unamujua, mama?"

"Hapana. Njo maana namusalimia."

Dereva alicheka. Mimi nikauliza faida yake.

"Cherehani yangu iliharibika karibu na sikukuu," mama akasema, "na nguo za watu iko mezani. Kipande cha kuitengeneza nilikosa soko nzima. Fundi wa kule Lusangi njo alinitumia. Hatujaonana hata leo. Nilikuwa namusalimiaka tu kupitia wasafiri."

Leo asubuhi nimemkabidhi msafiri wa kwenda Nyangwe salamu kwa mwandishi mwenzangu yeyote wa huko.

"Anaitwa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia, hilo jina ndilo uniletee.