Neno Tangazo Lilipokata Tanzia

"Hivi mwenzangu, wewe misiba unaitangaza au unaiuza?"

Adelina Masanja aliulizwa hivyo na jirani yake, Mama Shamimu, wakiwa bombani mtaa wa Chemchem, mjini Tabora. Mama Shamimu alikuwa anatania. Adelina hakucheka.

Saa mbili asubuhi yumo kibandani kwake, kompyuta imekaa juu ya meza ya cherehani. Kabla ya kuigusa anafanya ishara ya msalaba. Anaendesha tovuti ya tanzia: nani ametutoka, msiba uko wapi, mazishi ni lini. Wanaisoma watu wa Uyui, Nzega, Igunga, na waliotawanyika mbali zaidi.

Aliianza baada ya kufiwa na mdogo wake. Ndugu wa Mpanda walichelewa kupata habari, wakafika wakakuta kaburi limeshafunikwa.

"Sikuijenga kwa utaalamu," anasema. "Ni mfumo wa tayari. Unaingia kwa neno la siri, unaandika, unabonyeza chapisha. Anayeweza kuandika barua anaiweza."

Wafiwa hawalipi kitu. Kinacholipia bando na nafasi ya kuiweka tovuti mtandaoni ni matangazo ya biashara, ambayo kwa mwezi hayafikishi shilingi elfu arobaini. Mwaka jana aliyawasha yajipange yenyewe, mfumo ukawa unachagua pa kuyaweka.

Hapo ndipo palipoharibika.

Mzee Masolwa wa Goweko alifariki, mazishi yakapangwa Jumamosi. Baadaye wazee wa ukoo wakayarudisha nyuma hadi Ijumaa. Adelina hakuifuta ile Jumamosi. Kwake tanzia haifutwi, huongezewa tu, kama mtu anayeongeza neno msibani bila kumkatiza mwenzake. Akaandika mabadiliko chini kabisa.

Mfumo ukapachika tangazo la biashara hapo katikati: kijana anacheka, ameshika tiketi ya kubeti. Juu yake pameandikwa neno moja, TANGAZO.

Na kwenye tovuti hiyo, kila tanzia huanza kwa neno hilohilo.

Ngollo, mtoto wa marehemu, fundi ujenzi huko Igunga, alisoma hadi hapo. Nyumbani waliamini ameyaona mabadiliko, na simu za Goweko siku hiyo hazikushika mtandao. Alifika Jumamosi asubuhi na shuka jeupe la kumfunika baba yake. Akakuta watu wanaosha masufuria.

"Alikuja hapa na lile shuka," Adelina anasema, macho yakiwa mlangoni. "Akaniambia, 'Dada, nilijua tangazo la baba limeisha, linaanza la mtu mwingine.' Basi. Hakunitukana. Bora angenitukana."

Tangu hapo amekuwa akimwombea Ngollo kila Ijumaa. Ameondoa biashara zote kwenye kurasa za tanzia. Anataka azihamishie ukurasa wa peke yake, wa vyumba vya kupanga, mbegu na samani, na wafanyabiashara wa mjini aongee nao mwenyewe. Mpaka sasa amekubali mmoja, muuza magodoro. Nafasi ya tovuti aliyoilipia inakwisha mwishoni mwa mwaka.

"Mungu akinijalia wengine wachache, haitafungwa. Ila katikati ya marehemu sirudishi kitu."

Bado anaongea, mwanaume mwenye kofia mkononi anasimama mlangoni. Adelina ananyanyuka. Ni Ngollo.

Anakaribishwa kiti. Anasema mama yake naye amefariki usiku, hapo hospitali ya Kitete, na ndugu ni wengi, wako mbali. Anatoa picha.

Adelina anaandika polepole, akimuuliza majina. Akimaliza anamgeuzia kompyuta. Ngollo anasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka mwisho, kisha anashusha ukurasa mtupu, anaendelea kuushusha.

"Huku chini hakuna kingine?"

"Hakuna, kaka yangu. Anaishia hapo mama."

Ngollo anaitazama picha kwenye kioo. Anavaa kofia yake, anatoka.

Adelina anabonyeza chapisha.