Laptop Yangu Iliponyamaza, Mama Mkwe Akafungasha Virago

Mama mkwe wangu alifungasha virago kwa sababu laptop yangu ilikuwa haipigi kelele.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Haipigi.

Ngoja nieleze taratibu, maana najua watu wa humu mna haraka ya kuwahukumu wakwe za watu.

Kazi yangu ni kuandika maneno ya wengine. Watu wanarekodi vikao na mahojiano yao, wananitumia sauti, mimi navaa hedifoni na kupiga chapa neno kwa neno, mpaka pale mwenyekiti anapokohoa. Nafanyia nyumbani, kwenye meza ya kulia chakula. Hatuna meza nyingine.

Mume wangu anafanya kazi mbali na anarudi kwa msimu. Alipoondoka mara ya mwisho aliniachia vitu viwili: mama yake na laptop.

Mama alikuwa amefiwa na mumewe, na macho yalishaanza kuingia ukungu.

"Naona vizuri tu," aliniambia siku ya kwanza. "Ni vitu vidogo vidogo ndivyo vinanisumbua."

Nikaamini. Utampimaje macho mama mkwe?

Laptop nayo ilinunuliwa kwa mapenzi, mapenzi ya mume asiyejua mkewe anafanya kazi gani. Ilikuwa ya wacheza gemu. Nene, nzito, herufi zinawaka rangi zote, na ndani ina kadi ya grafiki ya peke yake, ile ya kuonyesha magari yanapogongana na kulipuka.

Mimi nilikuwa naandikia "kikao kilifunguliwa kwa sala."

Lile dude lilikuwa halijui kazi ndogo. Ukifungua ukurasa mmoja tu, kadi inaamka, joto linapanda, feni mbili zinaanza kuvuma. Kuipakata ilikuwa haiwezekani, ingekuunguza mapaja. Ubavu wa kushoto ilitoa upepo wa moto kutwa nzima.

Hapo ndipo mama mkwe alipopata ajira.

Alikuwa anakuja moja kwa moja mpaka begani kwangu, ananiinulia hedifoni kwenye sikio moja, analalamika, kisha anairudisha vizuri kabisa.

"Hilo dude linaruka saa ngapi?"

"Haliruki, mama. Ni feni."

"Basi fungua mlango, lisije likagonga ukuta."

Kesho yake tena, hedifoni juu.

"Leo unasaga nini?"

"Nasaga kikao cha bodi, mama."

"Saga laini. Jana ulituletea chenga."

Akaipa jina, Kinu. Akishamaliza kulalamikia kelele, anavuta kiti upande wa kushoto, kulekule upepo wa moto unakotokea, anaweka mikono mezani na kuanza kulalamikia joto.

Sikuwahi kujiuliza kwa nini hakai upande wa pili.

Basi siku moja akainua hedifoni, akasema, "Mwanangu, kelele hizi zitanihamisha. Nitakwenda kwa mdogo wake mumeo."

Nikavua hedifoni kabisa.

Ukiwa mke, mume yuko mbali, halafu mama yake akahama kwako kwenda kwa mwanawe mwingine, hakuna atakayeuliza habari za feni. Ukoo mzima utasema umemfukuza. Halafu shemeji mwenyewe anaishi peke yake ghorofani na kutwa yuko kazini. Mama angeshinda amekaa na kuta.

Na kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nilimpenda yule mama. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kunisumbua kiasi kile.

Nikasema liwalo na liwe, Kinu lazima kinyamaze.

Nilianza kwa fundi. Akafungua, akapuliza vumbi, akapaka dawa mpya ya kupoza prosesa, ule ubongo wa mashine, akanionyesha pa kubonyeza ili ile kadi ilale nisipoihitaji. Nikarudi nyumbani nimechangamka. Kadi ililala mpaka nilipomaliza kunywa chai, halafu ikaamka na hasira zake zote.

"Dada, hii imeumbwa ilie," fundi akaniambia kwenye simu. "Ni kama umemnunua jogoo halafu unamtaka awe na adabu alfajiri."

Nikaenda dukani.

Muuzaji alikuwa kijana wa tai, maneno yanamtiririka. Moja kwa moja akanipeleka kwenye laptop zenye kadi kubwa kuliko niliyoikimbia.

"Hii itakufaa miaka mingi, dada. Nguvu haijawahi kumwozea mtu."

"Nataka isiyo na kadi ya peke yake. Grafiki ziwe zilezile za ndani ya prosesa."

"Utacheza gemu?"

"Hapana."

"Utahariri filamu?"

"Naandika maneno."

"Lakini siku moja ukitaka..."

"Kijana, mama mkwe wangu anahama."

Akaniangalia. Nadhani naye ana mama. Akanipeleka kwenye meza ya nyuma.

Huko nilizijaribu kama mtu anavyochagua tikiti maji. Kila moja niliifungulia kurasa kibao na video juu yake, nikaiacha ihangaike, kisha nikalaza sikio kwenye herufi na kiganja chini ya tumbo. Wateja walikuwa wanapita wanacheka. Mmoja aliniuliza kama inapumua.

Ya mwisho ilikuwa nyembamba, haina mbwembwe, herufi haziwaki rangi yoyote. Sikio halikusikia kitu. Kiganja kilikuta uvuguvugu wa sahani iliyotoka kuoshwa.

Nikaibeba hiyo. Kinu nikakiweka kabatini na kumwahidi shemeji kwamba atakichukua, maana yeye ndiye mcheza gemu wa ukoo.

Jamani, utulivu mtamu. Kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba saa ya jikoni ina mlio. Kwenye hedifoni nilianza kunasa mpaka minong'ono. Nilimsikia mweka hazina mmoja akimnong'oneza mwenzake jambo ambalo sikuliandika, na wala sitaliandika hapa.

Nikasubiri mama mkwe anipongeze.

Wapi. Alipita pembeni yangu bila hata salamu.

Nikasema labda kaamka vibaya. Siku iliyofuata akaja na kapu la nguo, akalitua juu ya laptop, juu ya vidole vyangu, akaondoka zake. Nikalitoa kimyakimya. Nikajua hapa kuna kununiwa.

Hedifoni haikuinuliwa tena. Hakuna aliyeniuliza nasaga nini.

Nikajitahidi zaidi. Nikavua kandambili ndani ya nyumba. Nikawa natembea kwa ncha za vidole na kufunga milango kama mwizi. Nilivyozidi kutulia ndivyo alivyozidi kuninunia, na mimi moyo ukawa unaniuma kweli, maana sikujua kosa langu ni lipi.

Siku moja nimevaa hedifoni, niko katikati ya mahojiano, naona mlango unafunguliwa. Shemeji kaingia, kafura. Nyuma yake, kwenye kiti kirefu, mama amekaa kavaa nguo za safari, begi magotini. Sikujua hata amefungasha saa ngapi.

Nikavua hedifoni.

"Shemeji," akaanza, "hivi ni kweli unamwacha mama peke yake kutwa nzima unakwenda kuzurura?"

"Kuzurura wapi?"

"Mama kanipigia simu analia. Anasema nyumba haina mtu."

"Mimi sijatoka tangu asubuhi. Niko hapa mezani."

Mama akageuza uso. Lakini hakunielekea mimi, alielekea pazia.

"Meza gani?" akasema. "Nimepita hapo. Nimeita mpaka koo limekauka. Ningekuta mtu ningeweka kapu langu mezani?"

"Uliliweka juu ya mikono yangu, mama."

Saa ya jikoni ikasikika vizuri sana.

Shemeji akamsogelea taratibu.

"Mama, nimeinua vidole vingapi?"

"Usiniletee utoto."

"Mama."

Akafikiri kidogo. "Vitatu."

Mkono wa shemeji ulikuwa mfukoni.

Hapo ndipo akasema, huku bado ameelekea pazia, "Kinu kikilia najua meza iko wapi. Jikoni ni nyuma ya Kinu, choo ni kulia kwa Kinu, na mwanangu yuko mbele ya Kinu. Sasa mmenizimia taa, halafu mnaniuliza vidole."

"Lakini mama," nikasema, "ulisema kelele zitakuhamisha!"

"Na wewe ukaamini? Mtu anayetaka kuhama anatangaza?" Akakumbatia begi. "Nilikuwa naongea tu, mwanangu. Kutwa nzima mtu umevaa vile vidude masikioni, ningeongea na wewe kuhusu nini? Na vile viganja vyangu vinavyokufa ganzi, nani mwingine angenipashia?"

Nililia, tena bila ustaarabu wowote. Shemeji naye akageukia dirishani kwa muda mrefu, akawa anakagua barabara isiyokuwa na kitu.

Alikuja kuchukua mama na laptop. Aliondoka mikono mitupu.

Daktari wa macho ametupa tarehe ya upasuaji. Anasema ni mtoto wa jicho, wa siku nyingi, na mgonjwa ni mwongo sana.

Kwa sasa mezani kuna laptop mbili. Kwenye nyembamba nafanyia kazi. Kinu nacho nimekiweka upande wa kushoto, lakini kulikuwa na tatizo: bila kazi nzito hakivumi vya kutosha. Basi kila asubuhi nakifungulia gemu la mbio za magari. Hakuna anayecheza. Gari linazunguka peke yake, linagonga ukuta, linalipuka, linaanza upya. Ile kadi kubwa hatimaye imepata kazi, na mama anapasha viganja.

Funzo ni hili, wapendwa. Ukienda kununua laptop ya kuandikia na kusomea tu, usibabaishwe na makadi makubwa. Grafiki za ndani ya prosesa zinatosha, haitachemka na haitakutoa machozi. Lakini mtu wa nyumbani kwako akilalamika kila siku, usikimbilie kuondoa anachokilalamikia. Kaa naye kwanza umsikilize. Na akiacha kulalamika, hapo ndipo uogope, kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Nilikuwa naandika sentensi hiyo ya mwisho ndipo hedifoni ikainuliwa kwenye sikio moja.

"Leo unasaga nini?"

"Nakusaga wewe, mama."

Akafikiri kidogo, viganja vikiwa kwenye upepo wa moto.

"Basi saga laini."