Hodi Kijitoni

Wiki iliyopita jirani zangu, mume na mke, walinialika kulala msituni kando ya kijito. Wana basi dogo kuukuu waliloling'oa viti na kutandika godoro ndani. Hakuna umeme wala bomba. Tulibeba jiko la mkaa na mkeka. Gari tuliliegesha ukingoni kabisa, bila kujua kuwa tumeziba njia ya watu ya kuteka maji.

Jioni akaja bibi mmoja na ndoo tupu. Alisimama mbali, akageuza uso pembeni, akaita, "Hodi!"

Jirani yangu akaduwaa. Mkewe, aliyekuwa amevua mtandio, akajifunika haraka. "Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Samahani wanangu, nnaomba kupita uani kwenu, nikateke maji kabla ya magharibi."

"Uani kwetu?" mume akasema kwa haya. "Bibi, sisi ndio tuliokaa njiani kwako!"

"Mshatandika mkeka. Basi hapa kwenu."

Mume akaliwasha gari, akalirudisha nyuma mpaka njia ikawa nyeupe. Miaka yote darasani nimefundisha watoto kubisha hodi, lakini nilikuwa nikiwaonyesha mlango; bibi huyu alibisha pasipo na mlango.

Bibi alipopanda kutoka kijitoni, ndoo imejaa kichwani, alisimama tena, akageuza uso, akangoja tumkaribishe.